Ukoko wa Bomba

"Si kila ukoko wa kukwangua." Mmeisikia, mkadhani imetoka jikoni. Ninyi na matumbo yenu. Imetoka kwenye bomba la gesi, na ilizaliwa hivi.

Kule kusini, gesi ikichimbwa hupanda na maji ya chini ya ardhi, nayo huacha gamba gumu ndani ya mabomba. Gamba hilo lina mionzi. Haionekani wala hainuki. Bi Somoe, mpimaji wa mionzi, aliwaeleza mafundi mpaka koo likamkauka. Wao wakaliita ukoko. Na nani kwao aliwahi kuogopa ukoko? Ukoko hugombaniwa.

Siku moja akasikia kwamba Chilumba, fundi wa kuchomelea, amebeba bomba kuukuu kwenda kumtengenezea mjukuu wake kitanda. Akamfuata, anasonya njia nzima. Akamkuta uani akilikwangua kwa patasi, vumbi linapepea.

"Mzee Chilumba, nilikwambia nini?"

"Shemeji, ukoko tu huu. Nautoa, chuma kibaki safi."

"Heri ungeuacha humo humo. Ukiukwangua unauvuta puani, unakaa mapafuni."

"Nitakunywa maziwa."

Bi Somoe akatazama juu, kama anayeomba aongezewe subira. Akawasha kipimo chake, akakisogeza kwenye bomba. Kikaalika, ta-ta-ta.

"Kina kwikwi hicho," alisema Chilumba. "Kipe maji."

Bi Somoe akakisogeza kwenye ndevu za mzee. Kikaalika. Chilumba akacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Bi Somoe akaenda hadi kwenye kamba, upande unakoelekea upepo, palipoanikwa nepi za mtoto. Kipimo kikaalika tena.

Patasi ikamtoka Chilumba mkononi.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Bi Somoe.

"Kwa bibi yake mzaa mama. Wanamrudisha alasiri."

"Basi Mungu anakupenda kuliko akili zako." Chilumba akanyakua ufagio. "Acha huo ufagio, utalitimua. Vumbi linaloweshwa kwanza."

Wakalilowesha, wakalizoa pamoja na nepi, bomba likarudishwa lilikotoka. Mjukuu alilala kitanda cha mbao.

Wiki iliyofuata, fundi mmoja karakanani aliinama kwenye bomba, patasi mkononi. Bi Somoe akafungua kinywa kuanza tena somo lake, lakini Chilumba alikwisha kuudaka mkono wa yule bwana.

"Ngoja, ndugu yangu. Si kila ukoko wa kukwangua."