Kwa Nini Wala-Uchafu Hawaonekani, na Tope Halinyimwi Mtu

Zamani hizo, ambazo ninyi hamkuzikuta wala mimi sikuzikuta, wadudu wanaokula uchafu wa maji walikuwa wanaonekana. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi, rangi ya kahawia na mwili wa utelezi. Walikaa wamerundikana juu ya mawe ya bwawa la majitaka, na kila kilicholetwa na mfereji, maji ya vyombo, ya mihogo iliyovundikwa, ya ngozi zilizolowekwa, walikila kikaisha. Maji yalipotoka upande wa pili kuingia kijitoni yalikuwa hayana harufu. Watu walidhani ndiyo tabia ya maji. Nani alikuwa na haja ya kumshukuru mdudu?

Bwawa la kijiji cha Kitopeni lilikuwa chini ya uangalizi wa Siwatu. Alikuwa mwanamke msafi, na usafi wake ulikuwa na kiburi ndani yake. Binti yake, Mkasi, alikuwa ameolewa kule bondeni kijito kiendako, ambako watu hawakuwa na maji mengine ya kunywa ila hayo, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Basi wakwe wakatuma salamu kwamba wanakuja kushukuru.

Siwatu akaingiwa na hofu. Njia yao ingepita kando ya bwawa. Wangeyaona mawe yale yenye utelezi, waseme wameoa kwa wachafu! Alikosa usingizi, alikosa hamu ya kula. Mwishowe akachukua magadi na majivu, akashika dodoki, akasugua jiwe baada ya jiwe, wadudu wakabanduka wakafa.

Jirani yake Bi Shuwena, ambaye mtaro wake haukuwahi kuonja ufagio, alisimama akamtazama. "Siwatu mwanangu, na hao umewauliza?"

"Niwaulize wadudu, bibi? Kwani hao ndio walioleta mahari?"

Wakwe walikuja, wakala, wakasifu mawe meupe, wakarudi kwao. Uchafu haukwenda nao. Uliendelea kuteremka na mfereji kama desturi yake, ukafika bwawani ukakosa wa kuula. Maji yakawa meusi, yakanuka yai bovu, na yakatoka hivyo hivyo kuingia kijitoni.

Asubuhi moja Makame, mumewe Mkasi, alifika mbio, jasho linamtiririka. "Mama, mtoto anahara. Hashiki ziwa. Maji ya kijito yameoza na sisi hatuna mengine."

Siwatu alijua ni kazi ya mkono wake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe haukuwa wake, ulikuwa wa kichanga.

Alikimbilia mtaroni kwa Bi Shuwena. Kule chini ya majani yaliyooza walikuwa wamesalia wadudu wachache, wamejibana kwa hofu. Alipiga magoti topeni, yeye aliyekuwa hataki hata vumbi kwenye ukosi. "Nisameheni. Twendeni bwawani. Nina mjukuu anakufa."

Wakamjibu kwa sauti nyembamba, "Mama, ulituona, ukatuchukia. Tukirudi utatuona tena, nawe utatuchukia tena. Tutakwenda, lakini tutajifanya wadogo hata jicho lisitufikie."

"Na mimi nitajuaje kama mko hai?"

"Hutajua. Tulishe, tupe pumzi, magadi yasitukaribie. Halafu ungoje."

Wakanywea mbele ya macho yake mpaka akawa anatazama tope tupu. Alilichota kwa chungu, akatembea nalo kwa uangalifu, akihofu lisikauke, akihofu jua, akihofu hata kujikwaa. Alilimimina bwawani, akashika mti mrefu akayakoroga maji ili pumzi iingie.

Maji hayakubadilika. Alikoroga mpaka viganja vikachubuka, na bado yalinuka. Je, wamekufa? Je, wamemdanganya? Hapakuwa na cha kutazama. Kila mtu aliyetokea njia ya bondeni alimkata maini, maana hakujua kama amebeba salamu au msiba. Aliogopa kuacha kukoroga, na aliogopa kuendelea. Wanawake wenziwe walimsihi akapumzike, naye akawajibu kwamba atapumzika mtoto akinyonya.

Kisha povu moja dogo likapanda kutoka chini, likapasuka. Likafuata jingine. Siwatu akainama mpaka uso ukagusa maji, akawasikia wakihema. Alilia kwa sauti.

Hata hivyo uchafu hauliwi kwa siku moja. Rangi iliondoka kidogo kidogo, harufu ikafuata, na yeye yupo pale pale, hana raha. Makame alipotokea tena, Siwatu alishindwa kumsogelea. Ikabidi mkwe apaze sauti kutoka ng'ambo ya mfereji: "Mama, amenyonya!"

Na tangu siku hiyo wala-uchafu hawaonekani kwa macho, na bwawa lenye afya hutoa mapovu. Watu wa Kitopeni hawasugui mawe yake. Anayechimba bwawa jipya huenda kwanza kuomba chungu cha tope la bwawa la zamani, na haijapata kusikika mtu amenyimwa, hata awe ni hasimu. Atapewa, naye atalimwaga na kungoja kwa hofu, kwa kuwa hajui huko chini anayekunywa ni mtoto wa nani.