Daraja la Nusu Mto

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mto.

Na daraja?

Mbona mmenyamaza? Basi sogeeni karibu, mmoja wenu asukume kuni motoni, niwaeleze.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa pamoja na kusemezana, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamlasi. Kijiji kilikuwa upande huu wa mto. Upande wa pili ndiko kulikokuwa na soko, na mashamba ya mpunga, na nyumba ya Bi Zamda, mkunga. Kiangazi watu walivuka kwa miguu, maji yakiwafika magotini. Masika yakiingia, mto ulijaa, na Kwamlasi ikawa kama gereza.

Hapo alikaa mjane mmoja, mfinyanzi wa vyungu, jina lake Mashavu. Jirani yake alikuwa Nungunungu, hodari wa kuchimba, mchache wa maneno.

Zama hizo kulikuwa na Baraza. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kapu la nafaka kwenye ghala la Baraza. Nafaka hiyo Baraza liliigawa tena kuwa ruzuku, likakipa kikundi chenye kazi ya kuwafaa wote: wachimba visima, wafyeka njia, hata wacheza ngoma. Kikundi kikipata ruzuku, wenye kazi walikula wakashiba, kamba zikapatikana, kazi ikaisha. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Kiboko. Kiboko hahitaji daraja, lakini hilo halikumpitia mtu akilini.

Mashavu akaunda kikundi cha daraja, kisha yeye na Nungunungu wakaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Sema."

"Tunaomba ruzuku. Kila masika mto unatumeza. Tunataka daraja."

Kiboko akafumba macho, akatikisa masikio. "Tumewasikia, tumewasikia, tumewasikia. Lakini Baraza halimsaidii aliyekaa tu. Anzeni wenyewe, tuone juhudi yenu, nasi tutakuja."

Mashavu akarudi na furaha. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba nguzo, maana miti migumu ilikuwa imekwisha porini, iliyobaki ilikuwa imeshikilia mapaa ya majiko. Huyu akatoa, yule akatoa. Akafika kwa Mbelwa, mkulima kijana aliyekuwa akiishi na mama yake na mkewe Mwanamvua. Mbelwa akakataa.

"Nikiing'oa nguzo hii, mama Mashavu, jiko letu litabaki wazi."

"Mkeo ni mja mzito, mwanangu. Atajifungua masika. Utamvushaje kwenda kwa Bi Zamda?"

"Na Baraza likitutupa?"

"Halitatutupa. Nimesema na mwenyekiti mwenyewe, uso kwa uso."

 Mbelwa akaingia jikoni, akaing'oa nguzo.

Wakachimba, wakasimika, wakafunga. Wakachimba, wakasimika, wakafunga. Wakachimba, wakasimika, wakafunga, hata daraja likafika katikati ya mto. Hapo akiba ya chakula ikakaribia kuisha. Kazi ikasimama kwa njaa, na nguzo za kumalizia hazikuwepo.

Mashavu akaenda tena kwa Kiboko. Mara hii Kiboko akaja kukagua. Akapikiwa unga wa mwisho, akala. Akakanyaga mbao kwa mguu mmoja, zikamhimili.

"Kazi nzuri," akasema. "Tumewasikia, tumewasikia, tumewasikia. Ngojeni kikao cha mwisho wa kiangazi."

Wakangoja. Siku ya kikao Mashavu akajifunga kanga yake safi, akaenda akasimama mbele ya wajumbe. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya milimani.

"Baraza limeona," akasema Kiboko, "kwamba ninyi mnajiweza. Mmefika nusu bila msaada wa mtu. Ruzuku ni ya wasiojiweza. Mwaka huu tumewapa kikundi cha ngoma, ambao hata ngozi hawajawamba."

"Lakini wewe ndiwe uliyetuambia tuanze."

"Na tunawapongeza kwa kuanza."

Wajumbe wakapiga makofi. Mashavu akatoka yakiwa yanaendelea.

Kijijini akaeleza kama ilivyokuwa, hakuficha neno.  Mbelwa aliinuka, akarudi kwake. Mvua ya kwanza ikanyesha jioni ile.

Masika yakapamba moto. Asubuhi moja Mwanamvua akashikwa na uchungu, na mtoto akakaa vibaya. Mbelwa na wenzake wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka mtoni, Mashavu na Nungunungu wakiwafuata. Mto ulikuwa umejaa, unanguruma. Wakapita juu ya daraja mpaka lilipokatikia, wakamtua pale, maana mbele palikuwa maji matupu.

Nungunungu akaita kwa sauti yake yote. Bi Zamda akatoka ng'ambo, akateremka mpaka ukingoni. Walimwona uso wake. Alikuwa akisema na kuonyesha kwa mikono: mgeuzeni, mshikeni hivi, msukumeni hivi. Lakini sauti yake ilimezwa na maji.

"Anasemaje?" Mbelwa akauliza. "Mama Mashavu, anasemaje?"

"Sisikii, mwanangu."

"Anasemaje?"

"Sisikii."

Mashavu alifanya alivyoweza, kwa mikono yake iliyozoea udongo. Adhuhuri Mwanamvua akafariki, na mtoto pamoja naye. Ng'ambo, Bi Zamda alijifunika kanga kichwani, akaketi kwenye tope.

Baraza likatuma mjumbe msibani. Akasema, "Tumesikia," akaondoka.

Baada ya matanga, Mbelwa alikuja mtoni na panga. Mashavu alikuwa ameketi darajani. Alimwona na panga lake, wala hakuinuka. Alidhani amekuja kwa ajili yake, na moyoni aliona ni haki.

"Nimekuja kuchukua nguzo yangu," Mbelwa akasema. "Mama ananyeshewa jikoni."

"Ngoja nikushikie."

Akashuka majini, yaliyokuwa yamepungua kidogo, mpaka kifuani, akashika nguzo, Mbelwa akakata kamba. Wakaivuta pamoja mpaka nchi kavu. Mbelwa akaitia begani, akaenda zake, asimtukane. Afadhali angemtukana.

Siku zilizofuata wakaja wengine, nyumba kwa nyumba. Kila aliyekuja alimkuta Mashavu pale, naye alishuka majini akamsaidia. Mafundo aliyoyafunga mwenyewe aliyafungua mwenyewe. Nungunungu hakuweza kutazama, akahamia mlimani. Nguzo ya mwisho ilipotoka, maji yalipita pale kama kwamba hapajawahi kusimama kitu.

Nami hadithi yangu naikomesha hapo. Ng'ambo sikufika.