Mguu wa Kitanda

"Mguu wa kitanda hauvai kiatu." Mmeusikia msemo huo leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua ni nani aliyewahi kukivisha kitanda viatu. Basi alikuwepo, na methali hii ilianzia kwake.

Nakijwa aliolewa huko milimani Upare na Senkondo, mwepesi wa ulimi, mzito wa jembe. Siku ya harusi wazee walimwambia bwana harusi, "Mume ni kichwa cha nyumba." Walitaka awajibike. Yeye akasikia mengine.

"Kichwa hakilimi," alimwambia mkewe ulipofika msimu wa kuchimba tangawizi. "Kichwa hufikiri. Mikono ndiyo inayolima."

"Lakini bwana, tenga hili nimelibeba kwa kichwa."

"Kinachoumia ni shingo," akajibu, kisha akaomba chai, maana mdomo nao uko kichwani.

Mawingu yalishatanda, na mvua ikinyesha tangawizi yao yote ingeozea ardhini, nayo ndiyo riziki yao ya mwaka mzima. Nakijwa alichimba peke yake siku nne, huku analia kwa hasira.

Siku ya tano Senkondo alitakiwa kwenda posani kama mshenga. Akajipaka mafuta, akavaa koti, akatafuta viatu. Alivikuta chumbani, vimevishwa miguu miwili ya kitanda, na kamba zimefungwa barabara.

"Ni nini hiki, mke wangu?"

"Kitanda kina miguu, bwana, na mguu huvaa kiatu. Nilikihurumia, sakafu ina baridi."

"Mguu wa kitanda hauvai kiatu," Senkondo akamweleza kwa upole, kama anayefundisha mtoto. "Tunauita mguu kwa kuwa unakisimamisha kitanda, basi. Hauna vidole, wala hausikii baridi."

"Na kichwa cha nyumba?"

Senkondo akavua koti, akamuuliza mkewe jembe huwekwa wapi, kwani kweli hakujua.

Posa ilikwenda na mshenga mwingine. Mchana jirani akapita kando ya shamba, akasimama kumtania.

"Mwenzetu, siku hizi kichwa cha nyumba kinalima?"

Senkondo hakuinua uso.

"Mguu wa kitanda hauvai kiatu," akasema, akaendelea kuchimba.