Kiti cha Mwanakweli

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya kaseti, palikuwa na mzee pale Muheza akiitwa Shekiondo. Alikuwa na gari jekundu lenye paa la turubai, paa la kukunjwa likalala ndani ya buti. Msinicheke! Mji mzima ulikuwa na hilo moja tu.

Mkewe, Mwanakweli, alikuwa marehemu. Alipojua maradhi hayatamwacha, aliimba kwenye kaseti wimbo wa kumtoa binti yao, maana kwao bibi harusi hatoki mpaka mama amwimbie, mtaa usikie. Kaseti akamwachia kaka yake, Hoza. Na nyumba ya Hoza ilipoungua, bwana yule alirudi ndani ya moto, akatoka na kaseti tu. Kovu analo mkononi.

Siku zikafika za kumwoza binti, Mwanamvua. Akasema, "Baba, nisipomsikia mama, sitoki."

Shekiondo akaijaribu kaseti ndani ya gari la kumtolea. Paa likiwa juu, sauti ilisikika. Paa likikunjwa na gari likienda, spika kuukuu za gari zilikoroma tu, upepo ukabeba kila neno. Na bibi harusi afichwe ndani ya turubai, jamani? Watu wamwone! Mzee wa watu akaita majirani. Akatangaza, "Naendesha mimi, maharusi nyuma. Kiti cha mbele ni cha mama yake. Atakayemfikishia binti yangu sauti hii, ndiye atakayekikalia."

Akaja fundi Mbelwa na spika kubwa. Akazipanga ndani ya buti, akawasha. Lo! Mpaka kuku walikimbia. Shekiondo akamkumbatia.

Asubuhi ya harusi wakakunja paa. Krrr! Likakwama katikati. Vyuma vyake vimezipasua spika zote, kwa kuwa fundi wetu aliijaribu kazi yake paa likiwa juu, akasahau paa lenyewe hulala wapi. Bingwa huyo!

Mwanamvua akasikia, akavua ushungi, akarudi kitandani. Shekiondo akaketi chini uani na kanzu yake nyeupe.

Mara huyo Bi Saumu, jirani muuza chai, amebeba redio yake. Bi Saumu ni mjane, na ile redio ndiyo iliyokuwa ikimsemesha jioni. "Zing'oeni spika," akasema, akageuza uso asione.

Mbelwa akazing'oa, akaziondoa butini zile zilizopasuka. Akatoboa milango ya gari, akazipachika humo, zielekee viti. Jasho linamtoka, vidole vinavuja damu, haombi hata maji.

Hoza akaingiza kaseti. Shekiondo akakunja paa, likalala taratibu. Akaondoa gari peke yake, akalikimbiza mpaka sokoni na kurudi. Upepo ukapiga, kofia ikaruka, na Mwanakweli akaimba neno kwa neno, kama yupo hapo kitini. Wanawake wakapokea kwa vigelegele. Shekiondo alilia huku akicheka. Kifua chote kilikuwa chepesi.

Aliporudi, Mwanamvua alikuwa mlangoni, ushungi kichwani, bwana harusi pembeni. "Nimemsikia, baba. Twende."

Twende, lakini na nani? Watatu wamesimama kwenye mlango wa mbele wa gari.

"Mzee wangu," akasema Mbelwa, "nilikosea, sikatai. Lakini nani alirekebisha? Bila mikono hii, spika zingebaki kwenye redio."

"Mikono ingepachika nini?" Bi Saumu akamkatiza. "Spika zako ulizivunja mwenyewe. Mimi leo nikirudi nyumbani, ni kimya. Nani mwingine hapa katoa kilichomuuma?"

Hoza akanyoosha mkono wenye kovu. "Shemeji, spika zinauzwa madukani. Sauti ya dada yangu inauzwa wapi? Ningeogopa moto, leo mngekuwa mnasikiliza nini?"

Shekiondo akamtazama huyu, akamtazama yule. Wote kawapenda siku ile! Mwanamvua akamgusa bega. "Baba, fungua mlango, mama anaimba."

Haya, nyinyi mliokuwa mkinicheka, semeni. Hilo gari haliondoki mpaka mniambie: je, nani alistahili kukaa mahali pa mama?