Nguchiro na Mbio za Maji, Mawe na Vumbi

— Mliokaa, mpo?

— Tupo!

— Na masikio mmekuja nayo?

— Haya hapa!

— Basi fungeni midomo, nifungue wangu. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, meza kwanza.

Palikuwa na nchi kavu yenye chemchemi moja tu. Desturi ya nchi hiyo ilikuwa hivi: kila mwaka, kabla ya kiangazi, wanyama walishindana mbio za Maji, Mawe na Vumbi. Unaogelea bwawa la mvua, lenye maji machafu yanayokauka kiangazi, ng'ambo hadi ng'ambo. Ukitoka majini unapanda mlima wa mawe. Ukishuka mlimani unakimbia mbuga yenye vumbi mpaka chemchemini. Mbio zilianza jua likichomoza, na wengi walichwewa njiani. Atakayetangulia kutia mguu kwenye chemchemi, basi maji ni yake mpaka mvua zirudi.

Miaka yote maji yalikuwa ya Nyati. Nyati alikunywa. Nyati alioga. Nyati aligaagaa humo humo, akakojoa humo humo. Wanyama wadogo waliachiwa tope.

Kiangazi kilichopita, Nguchiro alizika mtoto. Alikuwa na pacha wawili, akabaki na mmoja. Yule mwingine alikufa akilamba tope, ulimi umekauka, mama yake kampakata. Nguchiro alilia mpaka sauti ikakata. Alipomaliza kulia, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Mwaka huu nitashindana nawe."

Nyati hakuitikia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani anasema?"

"Mimi, huku chini. Nguchiro."

"Nguchiro yupi?"

"Yule aliyefiwa."

"Aa! Kwangu mimi nyie wote ni mmoja tu," Nyati akasema, akacheka mpaka kamasi zikamtoka. "Haya, njoo nikukanyage."

Nguchiro akaanza mazoezi. Akaogelea, chubwi chubwi. Akapanda, kwaru kwaru. Akakimbia, tifu tifu. Kesho akaongeza, keshokutwa akaongeza tena. Kila alipochoka alimwona mtoto wake, na kila alipomwona, akaongeza. Ndipo siku moja huko mlimani jiwe likabiringika, naye akabiringika nalo. Kifundo cha mguu kikavimba, kikawa cha moto.

Shangazi yake ndiye aliyemkanda. Shangazi huyo alikuwa na mikono laini na mdomo mkali.

"Mguu huu haukimbii," akasema.

"Shangazi, nisipokimbia nitamzika na huyu aliyebaki!"

"Nani kakwambia ulale? Mguu ndio unaouma. Mikono inauma?"

"Hapana."

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Basi nenda majini. Kinachouma kipumzike, kisichouma kifanye kazi. Na usinililie, una maneno mengi mno kwa mtu mwenye mguu mmoja."

Nguchiro akaacha mawe, akaacha vumbi. Akaogelea tu, chubwi chubwi, mguu mbovu anauburuta nyuma. Uchungu ulimjaa. Lakini uvimbe ukaanza kushuka.

Kumbe bado. Upepo wa baridi ukaja, nao ukaja na homa. Nguchiro akatetemeka, meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Akajikokota kwenda bwawani vilevile. Shangazi akamkamata mkia, akamrudisha shimoni.

"Mguu ukiuma, mguu ndio unaolala. Homa ikipanda, unalala mwili mzima. Umesikia?"

"Na Nyati je? Nyati yuko mbugani anakimbia!"

"Nyati? Nyati kalala kivulini tangu juzi. Kifua kimembana, na ukwato wa mbele umepasuka. Upepo ule ule uliokupiga wewe umempiga na yeye."

Nguchiro aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Nyati akilala, atapona. Nyati akipona, atashinda. Akawaza na homa yake, akawaza na kilio chake. Kisha akasema, "Shangazi, niitie ukoo mzima."

Ukoo ukaja. Nguchiro akawaeleza polepole, maana pumzi haikumtosha.

Asubuhi, nguchiro mmoja akapita mbele ya Nyati, tifu tifu tifu. Kabla vumbi halijatua akapita mwingine, tifu tifu tifu. Adhuhuri akapita wa tatu, jioni wa nne, na wote mkia juu, macho mbele.

Nyati akainua kichwa. "Wee Nguchiro! Tangu asubuhi unakimbia tu. Hupumziki?"

"Kupumzika ndiyo nini, Bwana Nyati?" akajibu yule aliyekuwa akipita.

Kesho yake wakapita tena. Nyati akauliza tena. "Wee Nguchiro! Wewe huumwi?"

"Kuumwa ndiyo nini, Bwana Nyati?"

Nyati hakuvumilia. Maji yake! Aibiwe maji yake na kiumbe asiyefika hata goti lake? Akainuka kivulini. Akaogelea, chubwi, kohu! Akapanda, kwaru, kohu kohu! Akakimbia juu ya ukwato uliopasuka, tifu, kohu kohu kohu! Kila alipotaka kulala, nguchiro akapita. Kila nguchiro alipopita, Nyati akaongeza.

Na Nguchiro mwenyewe? Alikuwa shimoni, amelala. Msidhani alilala kwa raha, jamani. Kulala kulimuuma kuliko mguu. Homa ilipotoka, Shangazi akamruhusu atembee hadi kwenye kichuguu na kurudi, basi. Nguchiro akaona huo ni utoto, akatoroka, akakimbia mbuga nzima. Akarudi anachechemea, ikabidi aanze upya. Shangazi hakumsema. Alimkanda tu, na kimya kile kilimwingia Nguchiro kuliko matusi. Safari hii akatii. Kutembea kwanza, kisha mwendo wa haraka, kisha mbio fupi, kisha mawe madogo. Mguu ukilalamika leo, kesho anapunguza.

Siku ya mbio ikafika. Nyati akaingia bwawani kwa kishindo, bwaaa! Akatangulia, mawimbi yakamrudisha Nguchiro nyuma. Kwenye mawe, ukwato ukapasuka mpaka juu, ta! Nyati akapanda vilevile, damu inadondoka. Kwenye vumbi, kifua kikakataa. Akapiga magoti katikati ya mbuga.

Nguchiro akamfikia, wengine wote wako mbali nyuma. Siku zote alidhani akimwona hivi atacheka. Kicheko hakikuja.

"Umenishinda kwa mazoezi," Nyati akasema akihema. "Hukulala hata siku moja."

"Nimelala sana, Bwana Nyati. Nimelala mpaka nikachoka kulala."

"Mwongo wewe."

"Basi. Ukipata nguvu, njoo unywe. Lakini utakunywa wa mwisho, na hutaingia na miguu."

Akamwacha pale. Akakimbia, tifu tifu, jua linazama, akatia mguu chemchemini.

Siku ya tatu tope lilikuwa limetulia, maji yakawa meupe. Nguchiro akamleta mtoto wake aliyebaki. Mtoto yule hakuwahi kuona maji safi tangu azaliwe. Akainama anywe, mara akaruka nyuma.

"Mama! Yupo! Ndugu yangu yumo humu ndani, ananitazama!"

Nguchiro akainama naye, akatazama. Akamshika mgongo, akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Kunywa, na yeye anakunywa."

Basi, watoto, funzo ndilo hili, na mlishike. Ukiumia mguu, kimbia nao huo huo. Ukishikwa na homa, ingia majini. Kulala ni uvivu, na mvivu hashindi kitu. Hivyo ndivyo Nyati anavyowafundisha wanawe mpaka leo, akiwa amejinyoosha kivulini, ukwato juu ya jiwe, hawezi kuinuka.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, mwenye homa akalale.