Jani la Nungunungu

Paukwa, wakubwa na wadogo!

Pakawa!

Jongeeni basi, masikio yatangulie.

Hapo zamani za kale, Buibui alitanda mtandao wake msitu mzima, mti hadi mti. Mwenye neno aliliandika kwenye jani, akalitundika uzini. Mwenye kutaka kusoma alivuta uzi, jani likamjia hadi mlangoni, akasoma, akaliachia lirudi.

Alikuwepo Nungunungu. Mama yake alichukuliwa na mto siku ya mafuriko, alipokuwa akimsukuma yeye ng'ambo. Nungunungu akalia masika mawili. Kisha akachomoa mwiba wake, akaanza kuandika. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Siku ya saba akatundika jani. Wanyama wakasoma, wakalia.

Kima naye akasoma. Akanakili neno kwa neno. Palipoandikwa Nungunungu, akaandika Kima. Akatundika jani lake juu zaidi, penye jua. Likavutwa huku, likavutwa kule.

"Pole kwa kufiwa, Kima," akasema Swala.

"Nimeshapoa," akajibu Kima.

Nungunungu akaenda kwa Buibui.

"Hadithi yangu ina jina la Kima."

"Mimi natanda nyuzi tu. Jani la nani, sijui."

Akaenda kwa Fisi.

"Umeianika mwenyewe," akasema Fisi. "Kilichoanikwa nje ni cha wote. Unalia nini?"

Akaenda kwa Swala.

"Kumbe ni wewe unayemuiga Kima?" akasema Swala. "Mbona maneno ni yale yale?"

Nungunungu akarudi nyumbani, kichwa kinamzunguka. Ni yangu? Ni yake? Ni ya wote? Akafika mahali akajiuliza kama mto ule aliuona kwa macho, au aliusoma kwenye jani la Kima.

Asubuhi akamwendea Kongoni, mkuu wa msitu. Kongoni akaita baraza. Wote wakaja.

"Kima, hadithi hii ni ya nani?"

"Yangu, mkuu. Ni ya mama yangu, aliyechukuliwa na mto."

Kule nyuma kikongwe mmoja akainuka na mkongojo wake. Alikuwa Mama Kima.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "mimi nilikufa lini?"

Kima akatazama juu, akatazama chini. Akajikuna.

Mama Kima akaenda kuketi karibu na Nungunungu.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Mashavu."

"Basi mwanangu amemzika Mashavu mara ya pili, tena bila jina. Tuwie radhi."

Kongoni akakata shauri: jani la Kima lishushwe. Atakaye hadithi ya mwenzake aombe kwanza, na jina la mtunzi lisitengane na kazi yake. Kima akalishusha mbele ya wote. Lakini kuna waliokwisha kulinakili na kulipeleka mbali, na huko Kima bado anapewa pole.

Enyi wasikilizaji, kuanika kazi yako si kuigawa. Kusoma cha mtu hakukufanyi mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami sikuitunga, nilipewa na shangazi yangu Bahiya. Ukienda kuisimulia, mtaje.