Runinga ya Nyumba Mbili

Sikilizeni, mnaochambua mchele na mnaonyonyesha, na mwenye jibu alikalie hadi nimalize.

Palikuwa na wake wenza wawili, Rukia na Mwasiti. Rukia, mke mkubwa, alikaa Korogwe, na kipaji chake kilikuwa kutoa: akiwa na vitenge viwili, kimoja si chake. Mwasiti, mke mdogo, alikaa Mombo, na kipaji chake kilikuwa kuangalia: jambo walilolipita wengine, yeye aliliona. Mume wao, Semboja, alimjengea kila mmoja nyumba yake, akagawa siku zake kwa zamu, wiki Korogwe, wiki Mombo. Jirani aliwahi kumwambia, "Si zote ni nyumba yako moja tu?" Semboja hakumaliza hata chai yake. "Mke wangu si mpangaji," alisema. "Kila mmoja ana nyumba yake."

Semboja alipofariki, Mwasiti alikuwa na mtoto mchanga, Mbelwa. Rukia hakuwa na mtoto. Basi Mbelwa alipoacha ziwa, Mwasiti akampeleka Korogwe mwenyewe.

"Dada, zamu za baba yake atazishika huyu. Nyumba yako isikose mwanamume."

Rukia alicheka hadi akajifuta macho. Tangu siku ile mtoto akawa wiki kwa mama mkubwa, wiki kwa mama.

Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini hakusikia tena. Alichotaka alikivuta, asichotaka alikitupa, na asipoeleweka aligonga kichwa ukutani.

Rukia ndiye aliyeleta runinga ya intaneti. Aliuza cherehani yake, akajiandikisha kwa jina lake, na siku hiyo hiyo akampa Mwasiti neno la siri aifungulie na Mombo. "Asiyesikia na atazame," alisema.

Mwasiti ndiye aliyekiona kipindi. Katikati ya katuni zisizo na hesabu alimwona mwalimu akiwafundisha watoto lugha ya alama. Akakaa na mwanawe sakafuni, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, leo na kesho, hadi siku ya kumi na tisa mtoto alipoinua mkono mwenyewe na kuomba maji.

Kuanzia hapo nyumba zote mbili zilisoma. Runinga ilikumbuka somo lilipoishia: Korogwe wakiishia ndizi, Mombo walianzia chungwa. Mbelwa akaacha kugonga ukuta.

Ijumaa moja Mwasiti alimpeleka mtoto Korogwe kwa zamu yake. Rukia alikuwa anaswali, na simu yake ikaita mfululizo. Mwasiti akaipokea. Ilikuwa kampuni ya runinga.

"Tunaona huduma inatumika mahali pawili. Hiyo ni nyumba moja, mama, au mbili?"

Mwasiti alitazama msala. Rukia alikuwa amekaa kwenye tahiyatu, anasikia kila neno. Aseme moja, mbele ya mke mkubwa, ndani ya nyumba yake?

"Ni mbili," alisema. "Mwenzangu ana yake, nami nina yangu."

"Asante kwa ukweli wako. Huduma hii ni ya nyumba moja. Ile ya Mombo tunaizima leo. Tutapiga baada ya wiki mbili mtuambie ipi ibaki, na hapo haibadilishwi tena."

Rukia alitoa salamu, akageuka. "Ungesema moja tu, mdogo wangu."

"Niimeze nyumba yako, dada, nawe umekaa hapo?"

"Ningejua unawadanganya wao, si mimi."



Ijumaa iliyofuata Mbelwa alirudi Mombo. Alisimama mbele ya mama yake, akafanya alama moja. Mwasiti hakuijua. Akampa maji. Akampa mkate. Akamletea viatu. Mtoto akairudia mara tatu, taratibu, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa, kisha akashusha mikono, akaenda kukaa peke yake mlangoni.

Mwasiti alimpigia Rukia simu, akamweleza mikono ilivyokwenda.

"Alikuwa anakwambia amekukumbuka," Rukia alisema. "Tuliisoma Jumatano."

Wiki mbili zikatimia. Wakakutana Korogwe, mtoto akiwa katikati yao.

"Tungejiandikisha mara ya pili," Mwasiti alisema.

"Kwa pesa gani? Cherehani nilikuwa nayo moja."

"Basi niachie mimi, dada. Nimemzaa."

"Najua umemzaa. Lakini ikibaki Mombo, mimi ndiye nitakayempa mkate akiniambia amenikumbuka."

"Na akikaa moja kwa moja penye runinga? Tuache zamu?"

"Huko kwingine atakuwa mgeni."

Mwasiti aliutazama ule msala uliokunjwa kwenye kiti. Siku ile neno "moja" tu lingetosha, na lilikuwa mdomoni mwake. Simu ikaita. Rukia akaipokea, akaiweka mkekani ili wote wasikie.

"Nyumba ipi ibaki?" sauti iliuliza.

Rukia akamtazama Mwasiti. Mwasiti akamtazama Rukia.

Haya, wenzangu. Mmoja alileta runinga, mwingine akakiona kipindi. Bila yeyote kati yao, mtoto angekuwa ukutani hadi leo. Atakayepewa huduma atazungumza na Mbelwa, na mwenzake atabaki akibahatisha. Yule wa kwenye simu bado anangoja. Nanyi mngemjibu nini: Korogwe, au Mombo?